Kitabu umesharudisha, jina lako je?

Kuna maktaba moja hapa Dodoma, jina nitaliacha, nilikuwa naenda sana kipindi naandika ripoti yangu ya chuo maana bando la nyumbani lilikuwa linakata kabla sijafungua kurasa mbili. Ukifika upande wa kompyuta kuna meza, juu yake daftari kubwa lile la jalada gumu, kalamu imefungwa uzi isiondoke na mtu. Unaandika tarehe, jina kamili, namba ya simu, unakotoka, saa ya kuingia, saa ya kutoka, alafu safu ya mwisho imepigwa kwa rula imeandikwa MADHUMUNI. Siku hiyo najaza mstari wangu, na macho hayana pazia, nikajikuta nimesoma mistari ya juu. Mmoja kaandika "kuomba kazi". Mwingine "matokeo". Wa tatu ni dada, jina lake lote lipo, namba ya simu ipo, kaandika kwa herufi ndogo ndogo "kusoma kuhusu fistula", ule ugonjwa wa mwanamke kuvuja mkojo baada ya uzazi mgumu.

Niliumia moyo kwa ajili ya yule dada, na mpaka leo namkumbuka. Yeye kaulizwa madhumuni, kajibu ukweli, basi.

Jioni ile ile nimeshuka daladala pale Sabasaba meseji ikaingia, namba siijui, "mambo, nimekuona leo maktaba, naomba tufahamiane". Hakuna aliyedukua chochote hapo. Mtu kasimama mezani baada yangu, kaona namba, kanakili. Nilibadili njia ya kupita karibu mwezi mzima.

Toka hapo nimekuwa nauliza kila mkutubi nayemfahamu, hivi sisi tukija kuazima vitabu na kutumia kompyuta zenu mnabaki na nini, kinakaa wapi, kwa muda gani na nani anaweza kukiona. Majibu yanachanganya kwa sababu watu tunaweka kwenye kapu moja vitu ambavyo haviko sawa. Kuna taarifa za wewe kuwa mwanachama, yaani jina, picha, simu, hizo maktaba inazihitaji la sivyo itampa mtu kitabu bila kujua ikamtafute wapi. Kuna rekodi ya kwamba wewe, fulani, ulichukua kitabu fulani. Alafu kuna nyayo unazoacha kwenye kompyuta na kwenye mtandao wa jengo. Hivi vitu vitatu kila kimoja kina sababu yake ya kuwepo na kina muda wake wa kufa, na shida yote inaanza pale ambapo vyote vinatunzwa milele kwa sababu tu hakuna aliyesema vifutwe.

Kabla sijaenda mbali, lile swali la "kwani unaficha nini?" maana lazima litakuja. Mtumishi aliyehamia huku na ofisi yake anaazima kitabu cha sheria za kazi, ana mgogoro na bosi wake, na bosi naye ni mwanachama wa maktaba hiyo hiyo. Mama anasoma Sheria ya Ndoa ya 1971, kile kipengele cha talaka na mgawanyo wa mali, bado hajaamua kitu, anataka tu ajue. Kijana wa form three anasoma kuhusu UKIMWI. Mtoto wa shehe anasoma Biblia au mtoto wa mchungaji anasoma Kurani, kwa kutaka kujua tu jirani yake anaamini nini. Hakuna hata mmoja hapo aliyefanya kosa lakini kila mmoja akijua anaangaliwa ataacha kitabu kwenye rafu na kuondoka, na hapo maktaba imeshindwa kazi yake bila hata kujua imeshindwa, maana mtu ambaye hakuazima haandikwi popote. Alafu kusoma kitu sio kukiamini. Anayesoma kuhusu wizi wa mtandaoni mara nyingi ni yule aliyeibiwa.

Sasa tuje kwenye kuazima. Walimu wetu walioanza kusoma zamani wanakumbuka trei za kaunta. Kuna utaratibu unaitwa wa Browne, unatokana na mkutubi wa Marekani Nina Browne mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza ndio walioutumia mno kwenye maktaba zao. Ulikuwa hivi: wewe msomaji una vimfuko vyako vidogo vya karatasi ngumu vimeandikwa jina lako, na kila kitabu kina kadi yake ndani. Ukiazima, mkutubi anachomoa kadi ya kitabu anaichomeka kwenye kimfuko chako, anagonga mhuri wa tarehe ya kurudisha, anapanga kwenye trei. Ukirudisha anatafuta pale kwenye trei, anachomoa kadi anairudisha kitabuni, na kimfuko chako anakupa mkononi. Kwisha. Baada ya hapo hakuna karatasi yoyote kwenye jengo lile inayosema wewe uliwahi kusoma kitabu kile. Hata akija nani, na barua ya nani, mkutubi hana cha kutoa. Sidhani kama lengo la kwanza lilikuwa faragha, ilikuwa ni wepesi wa kazi, lakini ule utaratibu ulikuwa unasahau wenyewe.

Upande mwingine kulikuwa na zile kadi za nyuma ya kitabu ambazo jina au namba ya kila aliyeazima inaandikwa chini ya mwenzake, na kadi inabaki na kitabu miaka yote. Shuleni kwetu ilikuwa hivyo. Tulikuwa tunafungua kitabu cha baiolojia tunasoma kwanza majina ya nani kakichukua kabla yetu, alafu tunaanza kucheka. Tulikuwa watoto, lakini kile kicheko kiliwafanya wenzetu wawili watatu wasiguse tena rafu ile.

Kompyuta ilipokuja watu wakadhani imeleta usiri kwa sababu huoni tena majina kwenye kadi. Kinyume chake. Chukua Koha, programu huria ya kuendesha kazi za maktaba, inayotumika na maktaba kibao za vyuo Afrika na duniani, ilizaliwa New Zealand ikaanza kazi Januari 2000 kwenye maktaba za Horowhenua, na jina lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi. Ni programu nzuri na naipenda. Lakini elewa inavyofanya kazi: ukiazima, unawekwa mstari mmoja kwenye jedwali la vitabu vilivyo nje, una namba yako ya uanachama na namba ya kitabu. Ukirudisha ule mstari haufi, unahamishiwa kwenye jedwali lingine la mikopo ya zamani na namba yako inaenda nayo. Mwaka wa kwanza mpaka unamaliza chuo, kila kitabu, kila tarehe, kimepangwa. Ile trei ilikuwa inasahau bila kuambiwa, na hii inakumbuka mpaka uiambie isahau.

Na kuiambia inawezekana, hiki ndicho watu wengi hawajui na ndio maana nakirudia kwa kila mtu. Ndani ya Koha kuna mpangilio wa faragha ambao msimamizi wa mfumo akiuwasha, kila mwanachama anachagua mwenyewe kwenye akaunti yake: historia itunzwe milele, au itunzwe kwa muda uliowekwa na maktaba, au isitunzwe kabisa. Ili ifanye kazi maktaba inatengeneza mwanachama wa bandia, mtu asiyekuwepo, na kitabu kikirudi namba yako inatolewa kwenye ule mstari wa zamani inawekwa ya huyo wa bandia. Pia kuna kazi ya usiku inayoweza kupangwa ijiendeshe yenyewe, isafishe mistari yote iliyozidi muda fulani. Takwimu zinabaki, mkuu wa maktaba bado ataona kwamba kitabu kile kimetoka mara 60 mwaka huu kwa hiyo anunue nakala nyingine, kinachopotea ni jina lako tu. Mimi sijawahi kusikia sababu ya kununua kitabu inayohitaji jina la aliyekisoma mwaka juzi.

Wakutubi wana hoja moja ambayo ni ya kweli na naiheshimu: kitabu kinarudi kimechanwa kurasa, inagundulika wiki mbili baadaye, nani alikuwa nacho? Sawa. Basi itunzwe siku 30 au 60 alafu ifutwe, kwani nani anachunguza kurasa zilizochanwa mwaka 2016? Na mwenye faini au kitabu ambacho hajarudisha, hiyo ni deni, lazima ibaki mpaka alipe, hakuna anayebisha. Kitu kingine wasisahau bakapu. Unaweza kufuta kwenye mfumo, kumbe kuna nakala ya akiba kwenye diski ya nje kwenye droo ya mtu wa IT, ina kila kitu tangu siku ya kwanza, na droo haina hata kufuli.

Kuna mahali rekodi ya kuazima inavuja na haihusiani kabisa na seva, ile kompyuta kuu inayotunza data. Orodha ya wadaiwa. Karibu na mahafali, chuo kinabandika ubaoni majina, namba za usajili na majina ya vitabu mtu anavyodaiwa, ili wakimbizane na kusaini fomu za kuondokea. Jina na "fika maktaba" lingetosha kabisa, jina la kitabu la nini? Vile vile ile SMS ya kukumbusha kwamba kitabu kimechelewa, ikija na jina la kitabu, na simu pale nyumbani inashikwa na baba, na mama, na wadogo zako wanaocheza gemu, basi maktaba imekusomea kwa sauti sebuleni. Na wapo wakutubi, Mungu awabariki wana nia njema, wanakuita kutoka kaunta, "dada wee, kile kitabu chako cha matatizo ya uzazi kimefika!" Ukumbi mzima unageuka.

Haya, kompyuta. Hapa Dodoma ofisi za serikali zimejaa na vyuo vimejaa, UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, peke yake toka 2007 imeleta vijana wengi sana mjini, kwa hiyo kompyuta ya umma inatumika sana kuomba kazi za serikali mtandaoni na kuomba mkopo wa elimu ya juu. Siku moja nilifungua folda ya Downloads kwenye kompyuta ya watu wote, natafuta faili langu nililolishusha sasa hivi. Nikakuta vyeti vya form four vya watu, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa vimeskaniwa mbele na nyuma, barua za maombi zina sahihi kabisa. Pembeni brauza imehifadhi neno la siri la mtu, ukibonyeza tu unaingia kwenye barua pepe yake. WhatsApp ya mwingine ipo wazi kwenye dirisha la tatu, meseji zinaingia moja moja nikiangalia. Nilifunga nilichoweza kufunga, nikafuta nilichoweza kufuta, nikamwita anayesimamia pale nikamwonyesha.

Hii ndio sehemu ambayo mtumiaji mwenyewe ana kazi: jitoe kwenye akaunti, futa ulichoshusha na ukimaliza futa kwenye debe la taka pia, usikubali brauza ikikuuliza ihifadhi neno la siri. Lakini naomba tusimwachie mtumiaji mzigo wote, maana anayekuja pale mara nyingi ndio mara yake ya tatu kugusa kompyuta. Zipo programu kama Deep Freeze ambazo kompyuta ikizimwa na kuwashwa inarudi kama ilivyokuwa asubuhi, kila alichoacha mtu kimeondoka. Maktaba ikiweka hiyo na utaratibu wa kuwasha upya baada ya kila mtu, robo tatu ya tatizo imeisha bila kumlaumu mama wa watu.

Kuhusu lile dirisha la faragha la brauza, inkognito, wengi wanaliamini kupita uwezo wake. Linachofanya ni kuizuia kompyuta ile isikumbuke ulipopita. Mtandao wa jengo bado unakuona. Fikiria unatuma kifurushi kwa basi la Singida: kondakta hajui ndani umeweka nini lakini jina la mpokeaji na stendi anayoshushia vimeandikwa juu kwa maka peni. Ukiingia saiti yenye alama ya kufuli ni hivyo hivyo, anayesimamia rauta, kile kifaa kinachogawa intaneti ya jengo, anaweza kuona umeenda saiti gani na saa ngapi, ila ukurasa uliosoma na ulichoandika humo havioni. Na saiti yenyewe ikiwa jina lake linajieleza, mfano ya ushauri wa ugonjwa fulani, basi jina la stendi linatosha kumwambia mtu safari yako. Zile kumbukumbu za rauta zikiunganishwa na daftari la mezani, kompyuta namba 4, saa nane mchana, wewe, hapo picha imekamilika. Vikiwa mbali mbali havisemi mengi. Vikikaa pamoja mwaka mzima vinasema kila kitu.

Sheria inasemaje? Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, inataja haki ya mtu kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Hiyo ilikuwepo toka marekebisho ya 1984, ila ilikuwa haina mikono. Mikono imekuja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo unaweza kuipelekea malalamiko. Kwa lugha ya mtaani sheria inamwambia yeyote anayekusanya taarifa zako: uwe na sababu halali, mwenyewe ajue sababu hiyo, chukua kinachotosha tu, usikitumie kwa kazi nyingine, usikae nacho kuliko inavyohitajika, na ukilinde. Wewe nawe una haki ya kuomba uone walichonacho juu yako, kisahihishwe, na kifutwe pale inapostahili. Taarifa za afya, imani ya dini na za watoto zimewekwa kwenye kundi la nyeti zaidi. Sasa rudi kwenye lile daftari. Safu ya madhumuni ina sababu gani? Namba ya simu inalindwa na nini, ule uzi wa kalamu?

Nadhani mazoea ya daftari yametoka mbali, mlinzi getini ana daftari, ofisi ya mtaa ina daftari, na kwa intaneti kafe Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye kafe wafunge kamera, wasajili kila mtumiaji kwa kitambulisho na watunze hizo kumbukumbu miezi 12. Kwa hiyo mtu anaona ni kawaida. Hata pale ambapo kusajili ni lazima, hakuna kanuni inayosema daftari liachwe wazi kwa kila anayepita alisome.

Na polisi je? Swali hili linaulizwa kwa kunong'ona, mimi naona liulizwe kwa sauti ya kawaida. Polisi wanachunguza makosa ya kweli, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa njia ya kupekua na kuagiza data itolewe. Kitu cha kutenganisha ni amri inayopitia utaratibu, imeandikwa, inataja kinachotafutwa, na mtu aliyekuja kaunta saa kumi jioni akasema "hebu niangalizie huyu kijana anasomaga nini". Huyo wa pili anaweza kuwa askari, anaweza kuwa mume wa mtu, anaweza kuwa mkuu wa idara. Mkutubi wa zamu asijibu, ampeleke kwa mkuu wa maktaba, na mkuu aombe karatasi. Wenzetu Marekani chama chao cha wakutubi kiliandika toka 1939 kwamba taarifa za msomaji ni siri, na hata hivyo wamepigana sana. Mwaka 2005 kule Connecticut wakutubi wanne walidaiwa na FBI, wapelelezi wa serikali yao, taarifa za nani alitumia kompyuta ya maktaba siku moja ya Februari mwaka ule, kwa barua ambayo iliwakataza hata kusema wameipata. Wakaenda mahakamani, wakakaa kimya kwa lazima miezi kibao, mpaka 2006 lile katazo likaondolewa na dai lenyewe likaachwa. Kabla yao, 2003, maktaba za Santa Cruz kule California ziliamua kitu rahisi zaidi, karatasi ambazo hazina kazi tena zikawa zinachanwa kila siku, na wasomaji wakabandikiwa tangazo kuwa rekodi zao zinaweza kudaiwa na serikali. Hawakumficha mhalifu, walikataa tu kuwa ghala la mambo ya watu.

Mwaka jana nilirudi kwenye maktaba ile. Mkutubi ni mama mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikamweleza habari ya daftari, ya yule dada na ya ile meseji yangu. Hakujitetea. Alikaa kimya alafu akaniuliza, "sasa mwanangu, mtu akiiba maus nitamjuaje?" Swali la haki kabisa. Tukakaa tukaongea, namba ya kadi ya uanachama si ipo, na wanaokuja bila kadi je, na zile safu anazopeleka makao makuu ni zipi. Ikaonekana makao makuu wanataka idadi tu, wanaume wangapi, wanawake wangapi, wanafunzi wangapi.

Nilipita tena baada ya wiki tatu. Daftari halipo mezani. Kuna vikaratasi vimekatwa kwa mkasi, unaandika namba ya kadi, namba ya kompyuta na saa, unatumbukiza kwenye boksi la sabuni limetobolewa juu na kufungwa kwa solotepu. Ijumaa jioni mama anahesabu, anajaza idadi kwenye fomu yake, na kama maus zote zipo anavichana vile vikaratasi vyote. Nilimkuta anavichana. Nikavuta kiti nikamsaidia.